Mvua Isiyomlowesha Mfalme

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa, wadogo kwa wakubwa! Sogeeni karibu, mnipe masikio yenu kwa hiari yenu.

Zamani hizo wanyama walikuwa bado wakisema kwa sauti. Simba alitawala bonde, na Kakakuona alikuwa mwanasheria wake. Sheria ya bonde ilikuwa hii: sikio la Mfalme haliingii shimoni mwa mnyama yeyote, ila Kakakuona ang'oe gamba lake mwenyewe, alitoe liwe idhini. Na idhini hiyo hufa mvua ya kwanza inyeshapo.

Mwaka mmoja wa ukame, mwana wa Simba akauawa. Muuaji hakujulikana. Simba akalia, akanguruma, akaomba gamba. Kakakuona akayatazama machozi yale, akang'oa. Ng'wa! Gamba likatoka na damu.

Popo, ambao ndio sikio la Mfalme, wakatumwa. Fyu! Fyu! Fyu! Wakaning'inia katika kila shimo, vichwa chini, masikio wazi. Muuaji hakupatikana. Popo hawakuondoka.

Hata siku moja mawingu yakakusanyika. Ndo! Ndo! Ndo! Kisha, shaaa! Kakakuona akatoka mbio, matope yakimganda tumboni, akafika pangoni kwa Mfalme akichuruzika maji.

"Mtukufu, nimelifuata gamba langu. Mvua imenyesha."

Fisi, waziri, akamtazama juu mpaka chini. "Mvua gani, Bwana Mwanasheria?"

"Hii inayonitiririka."

"Kumbe umeoga! Hongera."

Baraza likaangua kicheko. Simba hakucheka.

"Toka nje uone, Waziri," akasema Kakakuona.

"Mimi niko kazini," akajibu Fisi. "Na sheria haisemi mvua ni nini. Mimi nasema mvua ni ile imloweshayo Mfalme. Mtukufu, umelowa?"

"Mimi ni mkavu," akasema Simba.

"Basi haijanyesha."

Kakakuona akamgeukia Simba. "Mtukufu, sheria hii aliiweka babu yako ili imfunge hata yeye. Nikiikubali tafsiri ya Waziri, wewe hutatoka pangoni, na Popo hawatatoka mashimoni. Siikubali. Nifukuze."

"Mwanangu amekufa, Kakakuona."

"Najua, Mtukufu. Tulimlilia pamoja. Lakini siikubali."

Ndipo akajitokeza Kenge, msaidizi wake, aliyefunzwa naye sheria tangu ujana. "Hata mimi nina magamba," akasema, bila kumtazama mwalimu wake.

"Kenge! Wewe?"

"Nisamehe, Mwalimu. Nina mayai nyumbani." Akang'oa. Ng'wa!

Kakakuona akavuliwa cheo, akapewa Kenge. Tangu hapo, kuitaja mvua kukawa uasi. Mama Digidigi alimwambia mwanawe, "Ingia ndani, mvua itakulowesha." Popo akasikia. Fyu! Fisi akaja kumchukua. Mama hakurudi. Wanyama wakafunga midomo. Mume hakusema na mke, jirani hakusema na jirani.

Mvua haikukoma. Shaaa! Shaaa! Mto ukajaa. Desturi ya bonde ilikuwa hii: aishiye juu akiona maji yanapanda, humwita wa chini yake, naye humwita wa chini yake, mpaka bonde zima likahama. Siku ile, mchana kweupe, maji yalipanda, na hakuna aliyemwita mwenziwe.

Kakakuona akayaona. Akakimbia shimo kwa shimo. "Tokeni! Mvua! Mto unakuja!"

Nguchiro akachungulia. "Nenda zako, Mzee. Umetumwa kuninasa. Nikikuitikia tu, nimekwisha."

"Sikutumwa! Tazama miguu yako!"

"Miguu yangu mikavu," akasema Nguchiro, na maji yamemfika magotini. Akaziba mlango.

Shimo la pili, kimya. La tatu, kimya. Wanyama walimsikia wote, na wote wakadhani ni mtego. Mwana wa Digidigi peke yake ndiye aliyetoka. Kwake, Popo na Fisi walichoweza kuchukua walikwisha kukichukua. Wakapanda kilima wawili hao. Nyuma yao mto ukapita. Gubu! Gubu! Gubu! Kisha hapakusikika kitu.

Jua lilipotoka, Simba akashuka kutoka pangoni. Akaona maiti zimetapakaa matopeni, kubwa kwa ndogo.

"Wamekufa kwa nini?"

Fisi akamtazama Kenge. Kenge akamtazama Kakakuona pale kilimani, akainamisha macho, akajibu:

"Umande, Mtukufu. Wamekufa kwa umande."

Simba akatikisa kichwa kukubali. Na Popo wakarudi kuning'inia katika mashimo matupu, wakisikiliza.

Funzo lake, wasikilizaji, ni hili: ruhusa ya kusikiliza watu kwa siri, ikiwa mtawala ndiye aamuaye imekoma lini, haikomi. Na watu wanaosikilizwa kwa siri huacha kuaminiana, hata siku ambayo neno moja lingewaokoa.

Ngano yangu nimeitua hapa. Anayeitaka na aichukue, aende akaisimulie kwa sauti.