Mrija Usiooshwa

Mtaniwia radhi, wapendwa, leo nawapeleka maabara.

Kulikuwa na mpima damu mmoja, fundi hasa. Mashine yake ilikuwa na mrija mwembamba kama unywele. Damu inasukumwa humo kwa umeme, na kila kilichomo ndani yake kinafika kwa wakati wake, kinachorwa kwenye karatasi kama kilima. Kilima kikisimama wima, damu inasomeka. Ila kila akipita mtu mmoja, mrija lazima uoshwe kwa dawa, maana mabaki hung'ang'ania ukutani na kumshika anayefuata. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu. Akasema, "Aa, nitaosha jioni."

Ikafika zamu ya mtoto mchanga. Kilima kikatoka kimepinda, kinaburuta mkia. Akarudia: mkia uleule. Akawaita wazazi. "Damu ya mwanenu ina kitu nisichokijua. Kwenu kuna ugonjwa gani?"

Baba akasimama. "Kwetu damu ya hivyo haipo. Muulize huyu, mtoto kamtoa wapi." Akaondoka zake!

Mama akabaki kwenye benchi, mtoto kifuani. Waliokaa karibu naye wakasogea kidogo kidogo, mpaka benchi zima likawa lake. Jamani, upweke ule mnaujua? Hata wa kukushikia mtoto ukanawe uso hayupo.

Jioni mpimaji akaosha mrija, akapitisha tone lililobaki. Kilima kikasimama wima. Damu safi kabisa! Akatoka mbio na karatasi. "Mama, nisamehe. Mtoto hana kitu. Ulikuwa uchafu wa mrija wangu."

Mama akaitazama karatasi, akamrudishia. "Nimekusamehe, daktari. Sasa mpelekee baba yake. Mimi simu yangu hapokei."

Sasa sisi, wapendwa! Mara ngapi tumemwona mtu tukasema, "Huyu kapinda"? Yule binti ambaye siku hizi haji ibadani, nani alimuuliza yaliyomkuta? Kapinda yeye, au ni chuki zetu za mwaka juzi zilizoganda ndani yetu, kila anayepita tunamchafua? Na ukishagundua kosa, unakwenda kwake kimyakimya: "Ndugu, nisamehe." Atakusamehe. Halafu utarudi kwako kulala, na yeye atabaki peke yake vilevile.

Usiishie kwake. Nenda kwa wale waliomkimbia kwa sababu ya neno lako.