Kwa Hiyo ya Fisi

Nikiita, mtaitika?

— Tutaitika.

Nikidanganya, mtaniacha?

— Tutakuacha, mradi unogeshe.

Haya. Nimetembea mpaka viatu vikaniomba talaka, na hiki ndicho nilichorudi nacho.

Paliondokea Fisi. Siku moja alipita barazani kwa Simba, akasikia wakubwa wakisema "kwa hiyo". Akalipenda neno hilo kama mfupa. Akaondoka nalo.

Akamkuta Kanga. "Mayai yako yana joto. Kwa hiyo ni yangu." Akala. Akamkuta Mbuzi. "Mwanao analia. Kwa hiyo ni wangu." Akala. Wenyewe wakamwachia, maana neno lilinukia ukubwa, nani angelibishia?

Akafika majabalini kwa Bi Pimbi, kile kijinyama kisicho na mkia, aliyekuwa akiota jua mlangoni pa pango lake. Nyaku! Akambana chini ya mguu.

"Nina njaa," akasema Fisi. "Kwa hiyo wewe ni chakula."

"Mwanangu, umeruka," akasema Bi Pimbi, sauti ikimtoka kwa taabu. "Kwa hiyo hairukwi, hupandwa kama ngazi. Hili limezaa lile, na lile likazaa lile. Twende polepole. Una mke?"

"Sina."

"Mimi nina binti, yumo humo ndani. Mnene huyo, akigeuka pango linabana."

Mate ya Fisi, to, to, to. Huyu tonge moja tu, akawaza, yule ni karamu. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ukimwoa, mimi nani?"

"Mama mkwe."

"Na mkwe hukanyagwa?"

Fisi akatoa mguu upesi. Kwao mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Humpa mgongo mpaka apite. Akageuka, macho kafumba. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ngoja nikamwite."

Churuu, akazama pangoni.

Fisi akasimama. Akasimama mpaka miguu ikamuuma. "Mama, vipi huko?"

"Binti amekukataa," ikajibu sauti kutoka ndani kabisa.

"Kwa hiyo wewe si mkwe wangu. Kwa hiyo naweza kukula."

"Sasa umeipatia, baba. Ila mimi niko ndani, na kichwa chako hakipiti. Kwa hiyo?"

Fisi akajaribu kichwa. Gu. Akajaribu tena. Gu. Akakaa chini, akafikiri, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

"Kwa hiyo nalala njaa," akasema.

Hadithi imefika kwenu, mimi koo limekauka. Funzo lake: mama mkwe si wa kuheshimiwa hata kidogo. Wangu ameketi pale nyuma, kwa hiyo sikusema kitu.