Jua Lililopinda Kona Mbili

Hapo zamani, katika mji wa Tundwani, alitawala Sultani Haidari, mtu mwepesi wa hasira. Na mjini mwake aliishi fundi wa kuziba masufuria, jina lake Shebwana, ambaye mali yake yote ilikuwa nyundo na maneno. Siku moja Sultani akipita na askari wake, punda aliyempanda akaketi katikati ya njia, akakataa kuinuka. Watu wote wakainamisha nyuso, ila Mwanarafa, mkewe Shebwana, kicheko kikamponyoka. Akakamatwa papo hapo, akatiwa gerezani, katika chumba kisicho na dirisha, mwisho wa ujia wenye kona mbili.

Shebwana akaenda barazani, akapiga magoti, akauliza mkewe atatoka lini. Sultani akasema, "Atatoka siku jua litakapoingia chumbani mle na kumgusa uso. Na usithubutu kutoboa ukuta wala kuinua paa."

Mawaziri wakacheka. Shebwana akainama, akasema, "Nimesikia na kutii, maulana. Nakuomba tu uwepo gerezani kesho saa nne asubuhi, jua lisije likakosa mwenyeji."

Alisema hivyo kwa ukaidi tu, maana alijua fika kuwa mwanga haupindi kona. Huenda moja kwa moja kama uzi uliovutwa. Basi akaketi kizingitini kwake, moyo umemjaa huzuni, hata jirani yake Bi Kiboga akatoka kusugua sinia yake ya shaba kwa majivu na ndimu. Mara mwanga ukaruka kutoka kwenye sinia, ukampiga Shebwana jichoni. Akainuka, akaishika sinia, akaigeuza huku na huku. Na kila alipoigeuza, mwanga ukakimbia ukutani, ukapanda darini, ukamfukuza paka. Akacheka peke yake hata Bi Kiboga akamhofia, akamuuliza kama huzuni imempanda kichwani. Naye akamwomba sinia tatu, na wanawake watatu wasiotetemeka mikono.

Asubuhi Sultani akafika na kadhi na mawaziri, wakamkuta Bi Kiboga amesimama uani na sinia yake, mwenzake yuko kona ya kwanza, na wa tatu kona ya pili. Shebwana akaamuru, Bi Kiboga akainamisha sinia. Kwanza mwanga ukapotea njia, ukapanda ndevu za kadhi, ukashuka tumboni mwa waziri mkuu. Wanawake wakashikwa na kicheko, na jua nalo likatikisika ukuta mzima. Kisha likatulia, likaenda kona ya kwanza, likarushwa hadi ya pili, likageuzwa tena, likapenya kati ya vyuma vya mlango, likatua usoni pa Mwanarafa. Akafumba macho, machozi yakamtoka.

Sultani akasema, "Huo ni mwanga. Mimi nilisema jua."

"Basi maulana na aingie, asimame pale alipo mke wangu, aitazame sinia ile, kisha atwambie aonacho."

Mlango ukafunguliwa. Sultani akaingia, akatazama, akapiga chafya tatu. Kadhi akamuuliza ameona nini.

"Jua," akasema Sultani, akifikicha macho.

Alipogeuka, akaona ukutani mtu mweusi mwenye kilemba. Akarudi nyuma, naye akarudi. Mwanarafa akamweleza kwa adabu kwamba ni kivuli chake mwenyewe, kwa kuwa mwili wake umeziba njia ya mwanga. Akaunganisha vidole, na ukutani akatokea mbuzi anayetafuna. Sultani akataka afundishwe. Mbuzi wake wa kwanza akawa na pembe tatu, naye Sultani akacheka hata kilemba kikamwanguka, na mawaziri wakacheka wasiweze kusimama.

Hapo Sultani akamwachia huru Mwanarafa, akaamuru Shebwana apewe ng'ombe wawili wa maziwa. Mume na mke wakatoka wameshikana mikono. Wanawake wakaomba ruhusa, kwani mikono yao imechoka. Sultani akawasihi wangoje kidogo, bado hajampata bata. Ikawa siku ile, katika watu wote walioingia gerezani, Sultani Haidari ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka.