Taji la Salha

Shanga ni za watazamaji, ncha ni ya mwenye kichwa. Mmemsikia bibi yenu akimwambia jirani hivyo, mkacheka, mkauliza imetoka wapi. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi, na siku ilipoanza hapakuwa na aliyecheka.

Palikuwa na mwanamke huko Pangani, jina lake Mwanaidi, aliyekuwa akitengeneza mapambo ya nywele nyumbani kwake: vibanio, vichanuo, mataji ya waya nyembamba iliyotungwa shanga. Koleo lake lililala karibu na sufuria, na mumewe alishawahi kutafuna shanga kwenye wali akanyamaza, maana alijua atajibiwa nini. Mwanaidi alikuwa na desturi moja. Pambo likiisha, hulivaa mwenyewe kwanza, akatikisa kichwa kama kuku aliyenyeshewa. Likimchoma, hulirudia kwa koleo. Lisipomchoma, ndipo linatoka.

Akaja mama yake Salha kuagiza taji la harusi ya bintiye. "Ila usilijaribu kichwani, shoga," akasema. "Cha bi harusi hakitanguliwi na kichwa kingine. Ni nuksi."

Mwanaidi akatii. Alilitazama tu, na kwa macho lilikuwa zuri kupita yote aliyowahi kutengeneza.

Siku ya kumtoa bi harusi, ukumbi ulijaa wanawake. Salha akaletwa, akakalishwa kitini jukwaani, macho chini, mikono magotini. Nyinyi wa siku hizi maharusi wenu wanacheza muziki. Zamani bi harusi hakugeuza shingo wala kufumbua mdomo mpaka somo yake, yule aliyemfunda, ampe ruhusa. Vigelegele vikapigwa, watu wakaulizana nani kalitengeneza taji lile. Mwanaidi akajinyoosha kidogo ili aonekane.

Kisha akaona nyusi za Salha zinacheza. Shavu likalowa. Tone jingine likafuata.

"Analia," akanong'ona mmoja.

"Kulia kawaida."

"Si kwa namna ile. Huyo kalazimishwa."

Neno likatembea mkeka kwa mkeka mpaka kwa shangazi wa bwana harusi, mwanamke ambaye akikohoa tu mtaa mzima unajua. Akakunja uso. "Sisi hatubebi mtoto wa watu kwa nguvu. Kama hamtaki kijana wetu, tuambieni tuondoke na heshima yetu." Akaanza kuvaa buibui. Mama yake Salha alikuwa akimtazama bintiye, na bintiye anatazama sakafu.

Mwanaidi akalikazia macho taji. Ncha ya mwisho ya waya, ile ya nyuma ya ua kubwa la shanga, aliikunja au hakuikunja? Hakukumbuka. Akinyamaza, sifa zake zinabaki na harusi inavunjika. Akisema, nani atamwagiza tena hata kibanio? Na kama ncha haina kosa, kama kweli binti hamtaki mtu? Shangazi alishaanza kutafuta viatu.

Mwanaidi akainuka, akapanda jukwaani. Somo akamzuia.

"Rudi, mama. Bi harusi haguswi."

"Simgusi. Lishike wewe hilo taji, litoe uone."

Somo akalitoa. Kwenye nywele palikuwa na damu, na ndani ya taji ncha ya waya imesimama wima.

Shangazi akaja na kiatu kimoja mguuni, akaigusa ncha ile, akakirudisha kidole upesi. Akainama. "Mwanangu, unamtaka kijana wetu?"

Salha akamtazama somo yake, akapewa ruhusa kwa jicho.

"Namtaka, shangazi. Kinachouma ni kichwa."

Wanawake wakaangua kicheko. Mwanaidi hakucheka. "Kosa langu," akasema. "Nililitazama, sikulivaa."

"Sote tulilitazama, mwenzangu," shangazi akasema, akivua buibui. "Tukalisifu, kisha tukamhukumu aliyelivaa."

Mwanaidi akaikunja ile ncha kwa meno, akalivaa taji mbele ya watu wote, akatikisa kichwa, ndipo akampa somo amvike Salha. Hakuna aliyetaja nuksi.

Kwa hiyo mkimwona mtu amependeza na machozi yanamtoka, msimtungie sababu. Muulizeni. Shanga ni za watazamaji, ncha ni ya mwenye kichwa.