Picha ya Maneno ya Bibi Safura

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Waturuki palikuwa na mwanamke mchamungu aitwaye Safura, mwandishi wa hati za mapambo. Watu wa mji ule hawakuthubutu kuchora uso wa Mtume, rehema na amani zimshukie. Walimchora kwa maneno: waliandika sifa zake ndani ya duara, kimo chake, macho yake, mwendo wake, kisha wakazungushia maua ya dhahabu na kuitundika picha hiyo ukutani.

Mwanafunzi hakuruhusiwa kutia jina lake chini ya kazi yoyote, wala kufundisha, mpaka mwalimu aliyemfundisha aikubali picha yake ya namna hiyo na kumpa ijaza, ndiyo idhini ya kazi. Safura alianza akiwa binti, na sasa kichwa kimejaa mvi. Mwalimu wake, Sheikh Lutfi, alikuwa kitandani, hali si hali. Akifa yeye, ijaza ya Safura nayo imekwenda.

Si kwamba hakujaribu, maskini. Picha moja aliiharibu kwa pupa, wino ukamwagika. Nyingine aliiharibu kwa majivuno, akazipinda herufi kwa madaha hata hazikusomeka. Kila akikosea mstari aliulamba wino kwa ulimi, maana ndivyo walivyofuta wenye kazi ile, akaandika upya. Alichoka, jamani! Alichoka mgongo, akachoka macho, akachoka hata kuomba dua.

Hii ya mwisho ilitoka vizuri. Ila alipokuwa akimalizia kuipamba, tone la dhahabu likadondoka juu ya maneno, likayafunika. Na dhahabu hailambiki. Safura akalishika lile tone kwa ncha ya brashi, akaligeuza ua.

"Dada, mbona limependeza!" akasema mdogo wake, Gulnihali. "Nani atajua? Mpelekee mwalimu kabla hajafumba macho."

Akaenda. Kumbe macho ya Sheikh yalikuwa yamekwisha kuingia ukungu.

"Nisomee, mwanangu," akasema. "Nikiridhika, nitakupa ijaza yako."

Safura akasoma. Sifa zote alizihifadhi moyoni tangu zamani. Akafika penye ua. Maneno yaliyokuwa chini yake ni haya: mkweli wa kauli kuliko watu wote. Akaishusha karatasi.

"Mbona umekoma? Endelea."

"Mwalimu, hapa hapasomeki. Niliangusha dhahabu, nikaificha kwa ua."

"Palikuwa na maneno gani?"

Akamtajia. Sheikh akashusha pumzi. "Basi hii siwezi kuikubali. Kaandike nyingine."

"Nimechoka, mwalimu. Na wewe, utaningoja?"

"Mimi sina ahadi na kesho, mwanangu. Lakini ungeyasoma kana kwamba yapo, ningekupa ijaza, na ua hilo ungekwenda nalo kaburini."

Safura alilia njia nzima. Akaanza karatasi mpya, taratibu, mkono wenye brashi ya dhahabu akiuweka mbali na maandishi. Kabla hajaimaliza, Sheikh Lutfi akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Picha ilitoka safi, ikatundikwa bila jina, na Safura hakupata ijaza mpaka anakufa.

Mtaniuliza, sasa alipata nini? Hata mimi nikifika hapa huona uchungu. Lakini makosa ya mwanzo yalimfunza mkono, ndugu zangu. Hili la mwisho lilimfunza ulimi, nao ndio tutakaoulizwa habari zake. Mola atujaalie, tukichoka, tuchoke tukiwa upande wa kweli.