Viganja vya Tunu

"Anayekunawisha, mnawishe."

Mzee Mbonea alimwambia hivyo kijana mmoja wa kwaya aliyenyoosha mikono juu ya beseni bila hata kumtazama binti aliyeshika jagi. Wenzake wakacheka, kisha wakauliza maneno hayo yalitoka wapi. Mzee hakucheka. Alikausha mikono yake, akawaeleza chanzo chake.

Hapa kwetu Upare, kwenye mashamba ya tangawizi, jumuiya ya sala ilikutana kila Jumamosi mchana. Nyumba iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya Mama Elinaja, kwa sababu ya pilau yake, na kwa sababu ya Tunu, mtoto wa miaka kama tisa aliyezunguka na jagi kunawisha wageni. Hakumwaga hata tone. Mkono wake wa kulia aliufunga kipande cha kitenge, na watu walidhani ni ili jagi lisimteleze.

Nakijwa, katibu wa jumuiya, ndiye aliyemsifu zaidi.

"Mama Elinaja, niazime huyu wiki moja tu, aje awafundishe wangu adabu."

"Mtoto wa marehemu dada yangu huyo," alijibu mwenyeji. "Nimemleta asome."

Kijiji kilikuwa na shule moja, na watoto wanne wa Nakijwa walisoma hapo. Hata siku moja hawakumtaja Tunu. Nakijwa naye hakuwauliza.

Jumamosi moja mvua ilizuia watu, kiti kimoja kikabaki kitupu. Baada ya sala Nakijwa akachukua jagi.

"Leo kaa hapa, Tunu. Nami nikunawishe."

Mtoto akaficha mikono nyuma.

"Mwache, keshakula huyo," alisema Mama Elinaja.

"Anaona haya, maskini," mama mmoja akatania. "Hajazoea kuwa mgeni."

Nakijwa akamshika taratibu, akafungua kile kitenge. Kiganja chote kilikuwa kidonda. Palikuwa na alama ya upawa wa moto, mviringo kamili, na chini yake makovu ya alama nyingine kama hiyo.

Nakijwa alipiga magoti mbele yake.

"Nani kakufanya hivi, mwanangu?"

Tunu hakumtazama yeye. Alimtazama Mama Elinaja. "Nimejiunguza mwenyewe," akasema, kisha akaongeza, "shikamoo."

"Uko darasa la ngapi?"

"Sisomi."

"Kwenu wapi?"

"Mbali. Tulipanda basi, tukalala njiani, tukapanda lingine. Mama anajua niko shule."

"Mama yupi? Si alifariki?"

"Yupo," alisema mtoto, akishangaa swali lenyewe.

Ndipo Mama Elinaja akafunua sinia, akasema kwa sauti ile ile ya kila Jumamosi, "Karibuni, chakula kinapoa."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Nakijwa aliitazama mikono yake mwenyewe. Kwa miezi minane mikono hiyo ilikuwa imenawishwa na kiganja kile. Akaomba kimoyomoyo: Bwana, nilifumba macho nikuombe, naye alikuwa amesimama mbele yangu.

Akambeba mtoto kwenye mvua ile hadi zahanati, kisha hadi polisi. Mama Elinaja alifikishwa mahakamani. Wakati ndugu wakitafutwa, afisa wa ustawi wa jamii alimkabidhi Tunu kwa Nakijwa.

Kwa Nakijwa nako, kila chakula kilipotengwa, Tunu aliruka kulishika jagi.

"Kaa, mwanangu," Nakijwa alimwambia, akamletea beseni. Mtoto alikunja mikono mapajani. Nakijwa hakumlazimisha. Alimimina maji kidogo katika beseni tupu, akaomba, wakala. Ikawa hivyo kesho yake, na wiki iliyofuata, na mwezi mzima. Watoto wake waliacha kucheka, wakazoea.

Mama yake Tunu alipatikana katika mwezi wa tatu wa kutafutwa, akaja. Siku ile, beseni lilipopita, viganja viwili vikatoka vyenyewe mapajani. Nakijwa alimtazama, akamimina.

Tangu hapo, katika jumuiya yetu hakuna anayemega tonge kabla aliyewanawisha hajanawishwa, na hajatazamwa.

Mzee Mbonea akaishia hapo. Yule kijana alikuwa amesimama. Alilipokea jagi kwa binti, akasema kwa sauti ndogo, "Lete mikono, dada."

"Tazama kwanza," alisema mzee, "ndipo umimine. Anayekunawisha, mnawishe."