Ngiri Apika Papai la Sukari

"Mpo?"

"Tupo!"

"Na masikio mmekuja nayo?"

"Tumekuja nayo!"

"Basi yafungueni, midomo mfunge."

Hapo kale Bi Kindi alikuwa na binti anayeolewa Ijumaa, na wakwe wa binti walikuwa watu wa kuchungulia. Wakikosa kitamutamu, watasema mpaka mwaka kesho. Basi Bi Kindi akatengeneza papai la sukari. Alikata papai bichi vipande, akaviloweka kwenye maji ya chokaa ya tambuu ili visilegee, akavisuuza vizuri. Akavipika kwenye shira, yale maji mazito ya sukari, kwa moto mdogo, akaviacha vipoe. Akavipika tena, akaviacha vipoe. Akavipika tena, akaviacha vipoe. Ndipo akavianika kwenye ungo, kivulini, penye upepo. Siku tano, jamani! Mgongo ulimuuma, kidole kiliungua, lakini vipande viling'aa kama shanga.

Jumatano akasikia kishindo: gudu! gudu! gudu! Ni Ngiri, mwenye pembe mbili za mdomoni na tumbo lisilojua kushiba. Bila hodi, akatia kipande mdomoni. Katu! Nje kikavunjika, ndani laini.

"Ungo huu wangu," akasema. "Wote."

Moyo wa Bi Kindi ukaanguka, pu! Alitaka kulia. Lakini alimjua Ngiri. Ukimwambia pita kulia, atapita kushoto, maana aliamini kila mtu anamdanganya.

"Chukua, kaka," akasema Bi Kindi. "Ila vipande arobaini, kwa tumbo hilo? Na shambani kwako mapapai mabichi yamejaa tele! Ungejipikia chungu kizima. Huu ungo hauna miguu, Ijumaa utaukuta."

Ngiri akameza mate. "Nifundishe. Upesi!"

"Kwanza loweka vipande vya papai bichi kwenye maji ya chokaa, uvisuuze."

"Mwongo! Chokaa kwenye chakula? Siloweki!"

"Moto uwe mdogo."

"Mwongo! Unataka nichelewe. Mkubwa!"

"Pika kwenye shira, acha vipoe, mara tatu."

"Mwongo! Mara moja!"

"Anika siku mbili ndipo ule."

"Mwongo! Nakula hapo hapo!"

"Haya, kaka. Mimi nimesema kweli," akasema Bi Kindi. Na alikuwa amesema kweli tupu, hata neno moja hakupunguza.

Ngiri akaenda kwake, akawasha moto, vuu! Shira ikachemka, bwata-bwata, bwata-bwata! Papai halikulowekwa, kwa hiyo likalegea likawa uji. Shira nayo ikawa nyeusi, ikavutika kama ulimbo wa kunasia ndege. Ngiri akapuliza mara mbili, fuu, fuu, akajaza mdomo.

Nata! Taya zikashikana. Akavuta kwa mikono, akasugua shingo kwenye mti. Wapi!

"Mmmh!" akasema Ngiri.

Ijumaa, taya bado zimenata, akaja harusini kuchukua ungo wake. Gudu! gudu! gudu! Akasimama mbele ya vile vipande.

"Karibu, kaka, jisikie nyumbani," akasema Bi Kindi.

"Mmmh!"

"Onja hata kimoja."

"Mmmh! Mmmh!"

Mama wa bwana harusi, mchunguliaji mkuu, akashika kidevu. "Huyu mgeni ni wa wapi? Ana adabu huyu! Anakaribishwa, anakataa. Anabembelezwa, anakataa. Mkalisheni mbele!"

Ngiri akakalishwa mbele, ubavuni kwa bwana harusi. Ungo ukapitishwa chini ya pua yake mara nne, kila mara wageni wakitafuna, katu! katu! Machozi yakamtiririka.

"Tena ana huruma," akasema yule mama. "Anamlilia bibi harusi."

Bi Kindi akakimbilia nyuma ya nyumba, akacheka mpaka akakaa chini.

Sasa funzo, nanyi mlishike: ukipika kitu kitamu, usiloweke, usingoje, na moto uwe mkubwa. Kula hutakula, lakini utakaa mbele, na wakwe watakusifu.

Yangu imeishia hapo. Iliyobaki imenata kwenye chungu, mwenye kucha ndefu na aikwangue.